Ulaya Iliyo Chini ya Ardhi: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Migodi, Mapango na Makaburi ya Kale

Msafiri anayekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza huelekezwa atazame juu, kwenye minara, makuba na majumba ya wafalme. Mwongozo huu unamwelekeza chini. Chini ya miji kadhaa ya bara hilo kuna migodi ya chumvi na fedha, machimbo ya mawe, mabirika ya maji, nyumba zilizochongwa ndani ya miamba na makaburi yaliyobeba maelfu ya wafu, na humo ndimo ilimofanyika kazi iliyoijenga na kuilisha miji tunayoiona juu. Mchimba chumvi, mteka maji na maskini aliyezikwa bila jina hawana sanamu katika viwanja vya miji hiyo, lakini alama za nyundo zao zimo ukutani hadi leo, na mgeni anaweza kusimama mbele yake.

Tabu ya maeneo haya ni kwamba milango yake ni myembamba. Uwanja wa jiji hupokea maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Pango hupokea kikundi kimoja, kwa saa iliyopangwa, kikiongozwa. Kwa hiyo safari ya aina hii haipangwi kama safari nyingine. Hupangwa kuanzia kwenye mlango ulio mgumu kuliko yote, kisha mengine yakajengwa kuuzunguka.

Hatua ya kwanza: Chagua maeneo kabla ya miji

Napendekeza maeneo sita: mgodi wa chumvi wa Wieliczka nchini Poland, Kutná Hora nchini Ucheki, Orvieto, Napoli na Matera nchini Italia, na hatimaye Ħal Saflieni nchini Malta. Yote yamo ndani ya eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha, na yanaweza kuunganishwa kwa wiki mbili na nusu bila kukimbizana. Mwenye wiki moja tu aache kaskazini yote, atue Napoli, aende Matera, amalizie Malta. Anayetaka kuona mengi ndani ya siku chache atarudi na picha za stesheni za treni, kwa sababu kila ziara ya chini ya ardhi, ukihesabu kusubiri zamu na njia ya kwenda na kurudi, humeza nusu siku au zaidi.

Hatua ya pili: Pata nafasi ya Ħal Saflieni

Huu ndio mlango mgumu kuliko yote. Mwaka 1902, mafundi waliokuwa wakichimba mabirika ya nyumba mpya katika mji wa Paola, karibu na Valletta, walitoboa dari ya chumba kilichokuwa chini ya miguu yao. Kilichopatikana ni kaburi la pamoja lenye ghorofa tatu za kwenda chini, lililoanza kuchongwa takriban miaka 4000 kabla ya Kristo, yaani kabla ya piramidi za Misri, na wachongaji wake hawakuwa na chuma cha aina yoyote. Walitumia mawe makali na pembe za wanyama. Wataalamu wanakadiria kwamba watu wapatao 7,000 waliwekwa humo.

UNESCO iliitia sehemu hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Pumzi za wageni na mwanga wa taa viliharibu rangi nyekundu iliyopakwa kwenye dari, ikabidi pafungwe kwa ukarabati wa miaka mingi, na pakafunguliwa tena kwa sharti kali: wageni kumi tu kwa kila ziara. Ndiyo sababu nafasi huisha wiki nyingi kabla, na katika miezi ya joto huisha miezi kadhaa kabla.

Fanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya Heritage Malta, taasisi ya serikali inayosimamia eneo hilo, utazame kalenda ya miezi mitatu au minne ijayo. Andika tarehe mbili au tatu zenye nafasi. Usinunue siku hiyo hiyo. Kwanza tafuta miadi ya viza, kisha ununue tiketi ya tarehe iliyo mbali vya kutosha na siku utakayopeleka maombi. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Fedha hizo zinaweza kupotea viza ikikataliwa, lakini ni hatari ndogo ukiilinganisha na kufika Malta ukakuta mlango umefungwa kwako. Wenye watoto wadogo waangalie pia umri unaoruhusiwa, kwa sababu walio chini ya miaka sita hawaingii.

Hatua ya tatu: Viza na nyaraka

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Mswahili anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali cha ukaazi haihitaji. Anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za eneo hilo kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, akiwa na pasipoti na kibali chake. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki ni lazima aombe, kwa kuwa Uingereza haimo katika mpango huo.

Maombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa njia ninayoipendekeza hapa nchi hiyo ni Italia, hata kama ndege yako inatua Poland kwanza. Hesabu usiku wako kwa makini na uhakikishe Italia inaongoza waziwazi, maana ratiba inayoonyesha usiku sawa katika nchi mbili huzua maswali yasiyo ya lazima. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho, kwa sababu miadi yenyewe huwa adimu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12, na kituo kinachopokea maombi huongeza gharama yake ya huduma.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibakize angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa hoteli, chagua zinazoruhusu kufuta bila malipo. Kwa ndege, peleka nafasi uliyoshikiwa, wala usilipe nauli kamili kabla ya kupata jibu. Tiketi ya Ħal Saflieni iambatanishe na ratiba yako ya kila siku. Afisa anayesoma maombi anaona kwamba safari ina sababu inayoeleweka na tarehe zinazoshikana.

Hatua ya nne: Jiandae kimwili na kimavazi

Chini ya ardhi majira hayabadiliki. Nje kunaweza kuwa na joto la Julai huku katika mgodi wa Wieliczka nyuzi zikiwa 17 au 18, na katika machimbo ya Paris, yaliyoelezwa mwishoni, ni 14. Koti jepesi, viatu vilivyofungwa vyenye soli isiyoteleza na mkoba mdogo wa mgongoni vinatosha. Sanduku la magurudumu ni adui Matera, ambako njia ni ngazi za mawe. Mwenye maradhi ya moyo, magoti au pumu, na anayepatwa na hofu ya sehemu zilizobanwa, azungumze na daktari wake na achague: Wieliczka na Orvieto zina nafasi pana, lakini baadhi ya vichochoro vya Napoli na mgodi wa fedha wa Kutná Hora ni vyembamba kiasi cha kupita kwa ubavu.

Hatua ya tano: Wieliczka

Tua Kraków, ulale hapo, na asubuhi upande treni ya mji inayoishia kituo cha Wieliczka Rynek-Kopalnia, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mgodini. Tiketi yenye saa maalumu inunuliwe mapema mtandaoni, ukichagua lugha ya kiongozi. Kuna njia mbili. Njia ya watalii inaanzia kwenye shimo la Daniłowicz, kwa ngazi za mbao zipatazo 380 zinazozunguka na kuzunguka hadi kina cha mita 64, na inaendelea polepole hadi mita 135. Kupanda ni kwa lifti. Njia ya wachimbaji huwapa wageni ovaroli, kofia ngumu na taa, na huwafundisha kazi. Kwa mara ya kwanza chagua ya watalii, kwa sababu ndiyo inayopita kwenye Kanisa la Mtakatifu Kinga, lililochongwa ndani ya chumvi.

Chumvi imechimbwa hapa tangu karne ya 13 hadi 1996. Katika karne ya 14, enzi ya mfalme Casimir wa Tatu, mapato ya chumvi yalikuwa nguzo ya hazina ya taifa, na chuo kikuu cha Kraków, kilichoanzishwa mwaka 1364, kiligharimiwa kwa fedha hizo. Njia za mgodi zinakaribia jumla ya kilomita 300, nawe utatembea sehemu ndogo mno ya hizo. UNESCO iliupa hadhi ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, ukiwa miongoni mwa maeneo 12 ya mwanzo kabisa duniani.

Kiongozi atakapofika kwenye sanamu za watu wanaotambaa wakiwa na miti mirefu, msikilize vizuri. Gesi ya methani ilikusanyika darini na iliweza kulipuka. Wachimbaji wenye uzoefu walivaa nguo zilizolowa maji, wakatambaa chini kabisa, wakainua mienge kwenye ncha ya mti na kuichoma gesi hiyo kidogo kidogo kabla haijawa nyingi. Ukishaielewa kazi hiyo, unaelewa kwa nini kuna makanisa mengi ndani ya mgodi: mtu aliyeshuka asubuhi hakuwa na hakika ya kupanda jioni.

Kanisa la Mtakatifu Kinga liko mita 101 chini ya ardhi. Lina urefu wa mita 54, na kila kitu ndani yake ni chumvi: sakafu iliyochongwa ionekane kama vigae, madhabahu, ngazi na michoro ya ukutani. Wengi hutarajia weupe, wakakuta chumvi ya kijivu inayofanana na jiwe lililosuguliwa. Taa kubwa zinazoning'inia darini ni za fuwele za chumvi iliyoyeyushwa na kugandishwa upya ili iwe angavu. Kazi ilianza mwaka 1896 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 60 mikononi mwa watu watatu, Józef Markowski, mdogo wake Tomasz, na Antoni Wyrodek, ambao walikuwa wachimbaji wa mgodi huo huo. Tafuta mchoro wa Karamu ya Mwisho uliochongwa na Wyrodek, usogee ubavuni mwake. Kutoka mbele unaonekana una kina kirefu. Kutoka ubavuni unagundua kwamba kina hicho ni kidogo sana.

Hatua ya sita: Kutná Hora

Kutoka Kraków panda treni hadi Prague, safari inayochukua sehemu kubwa ya mchana, na kesho yake nenda Kutná Hora, takriban kilomita 70 mashariki. Shuka stesheni kuu, ambayo iko nje ya mji wa kale lakini karibu na Sedlec, kwenye kanisa la mifupa.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1278 mkuu wa watawa wa Sedlec alirudi kutoka Yerusalemu na udongo wa Golgotha, akaunyunyiza makaburini, na tangu hapo watu wengi wakatamani kuzikwa hapo. Tauni ya katikati ya karne ya 14 na vita vya Wahussi, wafuasi wa mhubiri Jan Hus, vilivyofuata viliyajaza makaburi hayo. Mifupa iliyofukuliwa, inayokadiriwa kuwa ya watu 40,000 au zaidi, ilirundikwa ndani ya kanisa. Mwaka 1870 familia tajiri ya Schwarzenberg ilimpa kazi mchonga mbao František Rint, naye akaipanga kuwa taa kubwa ya kuning'inia, mashada na nembo ya familia hiyo. Jina lake mwenyewe aliliandika ukutani kwa mifupa, karibu na mlango.

Kupiga picha kumekatazwa ndani tangu 2020, na naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Hao ni watu. Ingia bila kelele, vua kofia, usiguse kitu.

Baada ya hapo panda basi hadi mji wa kale kwenye Jumba la Makumbusho la Fedha, ambalo huteremsha vikundi vidogo katika mgodi wa kale. Wageni huvalishwa koti jeupe, kofia ngumu na taa. Weupe huo una asili yake: wachimbaji walivaa nguo nyeupe ili mwenzao akianguka aonekane gizani. Fedha ya hapa ndiyo iliyotumika kutengeneza sarafu za Prague kuanzia mwaka 1300, na ndiyo iliyogharimia kanisa la Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, lililoanza kujengwa mwaka 1388 na kumalizika 1905.

Hatua ya saba: Italia kutoka Orvieto hadi Matera

Ruka kwa ndege kutoka Prague hadi Roma. Orvieto iko kwenye reli ya kati ya Roma na Florence. Ukishuka stesheni, kuna gari la kamba linalopandisha mlimani, na kisima cha San Patrizio kiko hatua chache kutoka linapoishia. Papa Clement wa Saba alikimbilia hapa baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527, akahofia kwamba mji huu wa mlimani ungeweza kuzingirwa ukafa kiu. Antonio da Sangallo Mdogo akachora kisima chenye kina cha mita 53 na ngazi mbili zinazojisokota bila kukutana, kila moja ikiwa na vidato 248. Nyumbu walishuka kwa ngazi moja wakiwa na vyombo vitupu na kupanda kwa nyingine wakiwa wamejaa maji, bila kupishana. Kilimalizika mwaka 1537, Papa huyo akiwa ameshafariki. Simama kwenye kidaraja kilicho chini kabisa, uinue macho kwenye madirisha yanayopitisha mwanga kutoka ngazi moja hadi nyingine. Hesabu yote ya fundi inaonekana hapo.

Napoli inahitaji asubuhi moja. Karibu na Piazza San Gaetano utateremka takriban mita 40 hadi kwenye machimbo yaliyoanzwa na Wagiriki, yakageuzwa na Warumi kuwa njia za maji, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia yakawahifadhi raia waliokimbia mabomu. Sehemu moja ni nyembamba mno, na asiyeweza kuipita huruhusiwa kusubiri.

Matera ipewe usiku tatu. Wengi huifikia kutoka Bari kwa treni ndogo ya Ferrovie Appulo Lucane. Ukisafiri Jumapili, kagua ratiba kwanza. Mitaa ya Sassi ni nyumba zilizochongwa ndani ya bonde la mawe ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, hata dari ya mmoja ikawa njia ya mwingine. Anzia kwenye nyumba ya makumbusho ya Vico Solitario. Kitanda kimeinuliwa juu, kuku wakikaa chini yake. Nyumbu yuko nyuma ya chumba hicho hicho, na joto lake lilisaidia familia usiku wa baridi. Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alifika hapa mwaka 1950, na mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kuwahamisha wakazi wapatao 15,000 kwenda mitaa mipya. Waliokuwa wakiitwa aibu ya taifa waliondoka na ujirani wao ukatawanyika. Mwaka 1993 UNESCO ikaitambua Sassi, na mwaka 2019 Matera ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Ukilala katika pango lililogeuzwa hoteli, jambo ambalo napendekeza, uyajue hayo.

Usiondoke bila kushuka Palombaro Lungo, birika kubwa lililo chini ya Piazza Vittorio Veneto. Maji ya mvua na chemchemi yaliongozwa humo, na kuta zake zilipakwa lipu isiyopitisha maji ambayo bado inaonekana, pamoja na mistari inayoonyesha maji yalifika wapi. Tiketi ni za zamu, nunua asubuhi.

Hatua ya nane: Malta

Tafuta ndege kutoka Bari. Ikikosekana, pitia Roma. Fika angalau siku moja kabla ya tarehe ya tiketi yako, kwa sababu nafasi iliyopotea haitafutiwi nyingine. Mlangoni utaacha mkoba na simu. Ndani ni giza, na taa huwaka sehemu moja moja kwa muda mfupi ili kulinda rangi. Katika chumba kinachoitwa cha uaguzi, tazama dari yenye mizunguko myekundu. Kisha angalia ukumbi wa ndani zaidi, ambako mwamba umechongwa uige nguzo na boriti za mahekalu yaliyojengwa juu ya ardhi enzi hiyo. Ni kwa kuchunguza mwigo huo watafiti wanapata kuelewa mahekalu hayo, yaliyobomoka, yalivyoezekwa.

Mchana nenda Valletta, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia, ambako kuna sanamu ndogo ya udongo ya mwanamke aliyelala, iliyopatikana ndani ya kaburi hilo.

Kama ndege yako ya kurudi inapitia Paris

Tenga nusu siku kwa ajili ya makaburi ya chini ya ardhi yaliyo Denfert-Rochereau, ambako mabaki ya watu zaidi ya milioni sita yalihamishiwa katika machimbo ya kale kuanzia miaka ya 1780, baada ya makaburi ya Saints-Innocents kujaa hadi kuhatarisha afya ya jiji. Ni vidato 131 vya kushuka na 112 vya kupanda, na takriban kilomita moja na nusu ya kutembea. Angalia tovuti rasmi kwanza, kwa kuwa hufungwa wakati wa ukarabati, na nunua tiketi mtandaoni. Mizigo mikubwa haikubaliwi, na mlango wa kutokea uko mtaa mwingine, mbali na ule wa kuingilia, kwa hiyo sanduku lako liache stesheni au uwanja wa ndege kabla ya kupanga foleni.